Alama Mkononi mwa Mganga

Miaka michache iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali moja, nikingoja zamu yangu ya kutolewa damu. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja mtu mzima sana, amejitanda kanga, fimbo yake ameilaza mapajani. Muuguzi, binti ambaye kwa kumtazama hajafika miaka thelathini, alikunja mkono wa koti lake ili aanze kazi, na hapo ikaonekana juu ya kifundo cha mkono wake picha ndogo ya ndege, rangi ya buluu iliyokoza. Bibi akaurudisha mkono wake ndani ya kanga.

"Mwanangu, hicho mkononi ni kitu gani?"

Binti hakusita. "Piko, bibi. Tulikuwa na harusi."

Bibi akatazama tena, akanyamaza kidogo, kisha akautoa mkono.

Sote tuliokuwa benchini tulijua kwamba ile haikuwa piko. Piko huchuja baada ya wiki mbili tatu. Ndege yule alikuwa chini ya ngozi, na chini ya ngozi atabaki hadi mwenye ngozi aingie kaburini. Lakini hakuna aliyesema neno. Niliporudi nyumbani nilikuwa na maswali mawili ambayo hayajaniacha mpaka leo. Kwa nini neno moja, piko, lilitosha kuirejesha imani iliyokuwa karibu kuvunjika? Na kwa nini mgonjwa, ambaye amekuja kutafuta tiba, aanze kwa kuusoma mwili wa yule anayempa tiba?

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya vijana wa siku hizi, yaliyoletwa na televisheni na wachezaji mpira wa Ulaya. Mimi naona mambo haya yana historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imelala humu humu katika lugha yetu.

Maneno yenye kovu

Na tuanze na maneno, kwani msomaji wa ukurasa huu ni mpenzi wa maneno. Kitenzi *kuchanja* maana yake ni kukata juu juu, kutia mtai. Mwenye kuni huchanja kuni. Mganga humchanja mtu. Kutokana na kitenzi hicho tumepata *chanjo*, neno ambalo leo kila mama analijua kutokana na kadi ya kliniki ya mtoto wake. Serikali ilipotaka jina la dawa ile inayomkinga mtoto na maradhi haikwenda kuazima kwa Mwingereza wala kwa Mwarabu. Ililikuta neno limeshakaa mkononi mwa mganga wa kienyeji, ikalichukua.

Pembeni ya *chanjo* liko neno *chale*, ile mitai midogo inayopigwa kwa wembe penye kiungo kinachouma, kifuani au kwenye paji la uso, kisha ikapakwa dawa ya unga iliyochomwa ikawa nyeusi. Kidonda kikipona hubaki alama nyeusi, safu ya vijistari ambavyo wengi wetu tumeviona kwenye migongo ya babu zetu walipokuwa wakioga kisimani. Liko pia *tojo*, kutokana na *kutoja*, neno ambalo vijana hawalijui tena, lililokuwa na maana ya mchoro uliochanjwa katika ngozi. Na la nne ni *nembo*.

Nembo ndilo neno lililosafiri mbali kuliko yote. Katika kamusi za kale nembo ni alama ya kabila iliyochanjwa usoni au mwilini. Leo nembo ni ile picha ya Taifa iliyo juu ya barua ya Serikali, au alama ya kampuni juu ya mlango wa duka. Muuguzi niliyemtaja alikuwa na nembo kifuani, imeshonwa kwa uzi juu ya mfuko wa koti. Bibi aliiona nembo hiyo na haikumtia wasiwasi hata chembe. Kilichomtia wasiwasi ni kile ambacho wazee wa bibi huyo wangekiita kwa jina hilo hilo.

Kwamba alama ya ngozi na tiba ni ndugu wa zamani, hilo halina shaka, na si kwetu tu. Mwaka 1991, katika barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, iliokotwa maiti ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Wataalamu wamehesabu katika ngozi yake alama 61 zilizochanjwa na kupakwa masizi, na nyingi ziko kiunoni, magotini na kwenye vifundo vya miguu, mahali ambapo mifupa yake ilikuwa imekwisha kulika. Wengi wao wanaamini kwamba alama zile zilikuwa tiba ya maumivu. Mtu wa pwani akisoma habari hiyo hahitaji kufafanuliwa. Atasema: huyo alipigwa chale.

Wala chale hazikuwa za mgonjwa peke yake. Fundi wa pepo, aghalabu, mwenyewe alianza kwa kuwa mgonjwa. Aliugua, akagangwa, akatiwa katika chama, na mwisho akawa mganga wa wengine. Makovu yake yalikuwa shahada yake. Wahenga wamesema mganga hajigangi, nao walisema kweli, maana aliyemganga alikuwa mganga mwengine, na alama za kazi hiyo zilibaki zikionekana. Mgonjwa aliyekaa mbele yake na kuzitazama chale zile hakuona aibu yoyote. Aliona kwamba mtu huyu amepita njia ambayo yeye anataka kupitishwa.

Uso usiovulika

Lakini alama ya ngozi katika visiwa vyetu ina historia nyengine, chungu zaidi, na bila ya kuitaja hiyo hatuwezi kuufahamu wasiwasi wa bibi.

Katika karne ya kumi na tisa majahazi yaliwaleta Unguja na Pemba maelfu ya watu waliotekwa bara: Wamakua, Wamakonde, Wayao, Wanyasa na wengineo. Wengi walikuja na nembo zao. Huko walikotoka nembo zilikuwa fahari. Kijana wa Kimakonde alichanjwa usoni akawa mtu mzima mbele ya watu wake, na alama zile zilimwambia kila aliyekutana naye kwamba huyu ni mtoto wa watu, ana kwao. Aliposhuka kwenye jahazi maana ikageuka. Mistari ile ile iliyosema "ana kwao" sasa ilisema "ameletwa."

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897. Waliokuwa watumwa na watoto wao wakaanza kazi kubwa ya kujijenga upya. Walibadilisha majina, walisoma vyuoni, walivaa kanga, na baadaye wanawake wao wakavaa buibui kama mabibi wa zamani. Nguo huvaliwa na kuvuliwa, na katika miaka ile watu wengi walivua unyonge na kuvaa heshima. Ila uso hauvuliki. Mwenye nembo aliendelea kusomwa na kila mpita njia, hata awe amevaa nini, hata awe amehifadhi juzuu ngapi. Watoto wake hawakuchanjwa, na wajukuu hawakuelezwa. Ndivyo nembo ilivyotoweka mijini kwetu: haikukatazwa na mtu, bali wazazi walitaka watoto wao wasiweze kusomwa.

Nadhani sehemu ya woga tunaouona leo mbele ya ngozi iliyochorwa ni mabaki ya kumbukumbu hiyo. Tumerithi hisia bila ya kurithi kisa chake. Mtu wa mjini anapouona mchoro wa kudumu huhisi kwamba mwenyewe amejishusha, na huenda asijue ni nani aliyemfundisha kuhisi hivyo.

Kovu lililokuwa ushahidi

Ipo alama moja ambayo haikupata kuonewa haya, nayo ni kovu la ndui. Wenzetu waliozaliwa kabla ya miaka ya sabini wanalo mkononi, duara dogo lililobonyea kama alama ya kidole katika unga. Hili nalo ni kovu la kuchanjwa. Lakini historia yake inaonyesha jinsi alama ya mwilini inavyoweza kujenga imani ya watu, au kuinyima.

Mjini Boston, Marekani, mwanzoni mwa karne ya kumi na nane, kasisi Cotton Mather alikuwa na mtumwa wa Kiafrika aliyepewa jina la Onesimus. Mather alimuuliza kama amewahi kuugua ndui. Onesimus akamjibu kwa maana ya ndiyo na siyo: kwao alichanjwa, akatiwa usaha kidogo wa mgonjwa katika mtai, akaugua ugonjwa mwepesi, na tangu hapo amekingika. Kisha akamwonyesha kovu mkononi. Mwaka 1716 Mather aliiandikia habari hiyo jumuiya ya wanasayansi ya London. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721 daktari mmoja tu, Zabdiel Boylston, alikubali kujaribu njia ile. Aliwachanja watu wasiopungua 240, wakafa 6. Kati ya watu karibu 6,000 walioipata ndui mjini humo kwa njia ya kawaida, walikufa zaidi ya 800. Hata hivyo madaktari wengine walimpinga vikali, na baadhi ya hoja zao hazikuwa za kitabibu. Waliona fedheha kujifunza uganga kutoka kwenye mkono wa mtumwa. Ushahidi ulikuwa mbele yao, umeandikwa katika ngozi, wakaitazama rangi ya ngozi wasiusome ushahidi.

Baadaye, mwaka 1796, Edward Jenner wa Uingereza alionyesha kwamba usaha wa ndui ya ng'ombe unamkinga mtu bila ya khatari ile ya mwanzo, na chanjo ikaenea duniani. Ilifika pwani yetu, na serikali za kikoloni ziliwachanja watu kwa kuwaomba na kwa kuwalazimisha. Kisa cha mwisho cha maradhi hayo kwa njia ya kawaida kilitokea jirani nasi, katika pwani ya Benadir, mji wa Marka, si mbali na Barawa ambako wenyeji wake wana Kiswahili chao cha Chimwini. Mwezi wa Oktoba mwaka 1977 mpishi wa hospitali ya Marka, kijana wa miaka 23 aliyeitwa Ali Maow Maalin, alipanda gari lililowachukua watoto wawili wenye ndui ili amwonyeshe dereva njia. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Siku chache baadaye akaugua mwenyewe. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha.

Msomaji na alizingatie jambo hili. Maalin alikuwa mtu wa hospitali, na aliwahi hata kufanya kazi ya muda katika kampeni ya kuwachanja watu ndui. Mkononi mwake mwenyewe kovu halikuwepo, kwa kuwa aliogopa maumivu. Angetokea mgonjwa mmoja akamwambia, "Kunja nguo nikuone wewe kwanza," historia ingekuwa nyengine. Maalin alipona, na katika miaka yake ya mwisho alijitolea katika kazi ya chanjo ya polio huko Somalia. Alikwenda kwa wazazi waliokuwa na shaka akawaeleza kosa lake mwenyewe, ili watoto wao wasilipe. Alifariki kwa malaria mwezi wa Julai mwaka 2013, akiwa bado katika kazi hiyo. Watu walimsikiliza kwa sababu hakujificha. Hapo nawaomba wasomaji tutue kidogo, kwani nitalirejea jambo hili la kutojificha.

Daktari msomaji, daktari msomwaji

Neno ambalo dunia nzima hulitumia sasa kwa mchoro wa ngozini lilitoka Tahiti, na mabaharia wa nahodha James Cook walilisikia huko mwaka 1769. Mabaharia ndio waliolibeba jambo lenyewe bandari kwa bandari. Mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York alipata hataza ya mashine ya umeme ya kuchorea ngozi, na kazi iliyokuwa ya siku nzima ikawa ya saa.

Madaktari wa Ulaya walikuwa na neno lao juu ya michoro hiyo. Cesare Lombroso wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1876 juu ya wahalifu, aliihesabu michoro ya ngozi kuwa miongoni mwa dalili za mtu mwovu wa kuzaliwa. Alexandre Lacassagne, daktari wa mjini Lyon, Ufaransa, alikusanya nakala za michoro ya askari na wafungwa na mwaka 1881 akachapisha kitabu juu yake. Siku zile, basi, daktari ndiye aliyekuwa msomaji, na mgonjwa, askari au mfungwa ndiye aliyesomwa. Daktari mwenyewe alikuwa amejifunika. Kwa miaka mingi alivaa nguo nyeusi kama mtu anayekwenda kanisani. Na kuanzia mwishoni mwa karne ile, upasuaji ulipojifunza usafi, akavaa koti jeupe. Mgonjwa hakuwa na cha kusoma isipokuwa nguo.

Mambo yalipinduka polepole. Michoro iliacha kuwa mali ya mabaharia na wafungwa, ikaenea kwa watu wa kila tabaka, wakiwemo waliosomea udaktari na uuguzi. Kisha ikaja amri ambayo nia yake ilikuwa nyengine kabisa. Mwaka 2007 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba wahudumu wa hospitali zake wawe na mikono mitupu kuanzia kiwikoni kushuka chini, bila ya saa wala mikono mirefu ya koti, ili wasieneze vijidudu. Lengo lilikuwa kunawa mikono vizuri. Lakini nguo ilipopanda, ngozi ikaonekana, na vilivyoandikwa juu yake vikaonekana pia. Mgonjwa akapata cha kusoma.

Husema nini anaposoma? Watafiti wameuliza. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, wagonjwa 150 walionyeshwa picha za wahudumu wenye michoro na wasio nayo. Michoro haikumwongezea mhudumu sifa yoyote machoni mwao. Na lilijitokeza jambo moja linalostahili kukumbukwa: mwanamke mwenye mchoro alionekana hajui miiko ya kazi kuliko mwanamume mwenye mchoro kama wake. Utafiti mwengine, uliochapishwa mwaka 2018, ulifanywa katika idara ya dharura ya hospitali moja ya Pennsylvania. Madaktari saba walifanya kazi zamu nyengine wakiwa na michoro na vipini vya bandia, na zamu nyengine bila ya vitu hivyo. Wagonjwa 924 wakaulizwa maoni yao juu ya daktari aliyewatibu, bila ya kuambiwa kinachotafutwa. Haikuonekana tofauti. Umahiri, huruma na uaminifu wa daktari vilipimwa sawasawa, awe na mchoro au asiwe nao.

Ukiziweka tafiti hizi mbili pamoja utaona fundisho. Aliyeonyeshwa picha alihukumu picha, maana hakuwa na kitu chengine cha kuhukumu. Aliyetibiwa alihukumu tiba. Wahenga wetu hawakuwa na maabara, nao walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Hata hivyo Pennsylvania si Pemba. Nisingependa mtu achukue takwimu za huko akaja nazo hapa kumwambia bibi kwamba hofu yake haina msingi. Hofu yake ina misingi miwili, na yote miwili ni ya kuheshimiwa.

Dini na wembe

Msingi wa kwanza ni dini. Waislamu, ambao ndio wengi wa watu wa visiwa hivi, wamepokea katika hadithi sahihi, zilizomo katika Bukhari na Muslim, laana kwa mwenye kuchora ngozi kwa sindano na mwenye kuchorwa. Wanavyuoni wamebainisha kwamba kinachokatazwa ni pambo linalobadilisha umbile. Ama kukata kwa ajili ya tiba, kama vile kuumika kwa chuku, hilo lina mlango wake. Leo hata hospitali za mionzi katika nchi nyingi humtia mgonjwa wa saratani nukta ndogo za wino katika ngozi ili mashine ipige mahali pale pale kila siku, na hakuna aliyeiita tiba hiyo pambo.

Pambo letu la halali ni hina. Mwaka 1858 Mwana Kupona wa Siyu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa wasia, na miongoni mwa aliyomuusia ni kujipamba kwa pete, hina na wanja. Fikiri, msomaji: mama aliyelala kitandani, akijua siku zake ni chache, anakumbuka hina. Katika pwani hii mkono uliopambwa umekuwa dalili ya mwanamke mwenye kwao na mwenye kutunzwa. Uzuri wa hina ni kwamba huondoka. Inakuja na furaha na inakwisha nayo, na haimwandikii mtu historia. Ndiyo maana neno la muuguzi lilitosha. Aliposema piko aliutoa mchoro wake katika milki ya nembo akautia katika milki ya harusi.

(Tuseme pia ukweli juu ya piko lenyewe. Rangi ya nywele inayochanganywa humo ili iwe nyeusi haraka imewababua ngozi mabibi harusi wengi, na wengine wamebaki na makovu ya maua waliyotaka yakae wiki mbili. Cha halali kimeacha alama kuliko cha haramu.)

Msingi wa pili ni wembe. UKIMWI ulitambuliwa Tanzania Bara mwaka 1983, mkoani Kagera, na Zanzibar mwaka 1986. Kizazi changu kilikua na mabango na matangazo ya redio yaliyotuonya juu ya nyembe na sindano zinazotumiwa na watu zaidi ya mmoja. Waganga waliambiwa kila mteja aje na wembe wake. Hapo chale, iliyokuwa kinga kwa karne nyingi, ikageuka mlango wa maradhi, na ngozi iliyotobolewa ikawa ngozi ya kutiliwa shaka. Homa ya ini nayo hupita njia hiyo hiyo, na benki za damu humuuliza mtu kama amechorwa karibuni kabla ya kumruhusu kutoa damu. Bibi aliyeurudisha mkono wake huenda alikuwa akiyatii mafunzo ambayo hospitali yenyewe ndiyo iliyompa.

Kwa hiyo nasema mgonjwa hakosei anapousoma mkono wa mganga. Amekuja na mwili wake, ambao hana mwengine, na anaukabidhi kwa mtu asiyemjua. Lazima asome kitu. Zamani alisoma chale akaona uzoefu. Nembo, akaona asili. Koti jeupe, akaona elimu. Kosa huanza pale anapomaliza kusoma kabla ya mganga kuanza kazi.

Na muuguzi? Kwake yeye nina neno moja, nalo si la kumlaumu kwa ndege wake. Sijui alichorwa lini wala kwa nini. Pengine ana kisa ambacho mimi nisingeweza kukistahimili. Kilichonihuzunisha ni kwamba kitu cha kwanza alichompa mgonjwa wake kilikuwa uongo, na kwamba sisi wenyewe ndio tuliomfikisha hapo. Tumejenga mji ambao mwanamume mwenye mchoro ni mhuni wa kusamehewa, na mwanamke mwenye mchoro hana cha kusema isipokuwa "tulikuwa na harusi." Nakumbuka Maalin, aliyewaeleza watu kosa lake akawaambia, "Mimi niliogopa, msiwe kama mimi," nao wakamwamini. Aliaminiwa kwa aibu yake, kwa sababu aliileta mwenyewe mbele ya watu.

Nimalizie pale benchini. Binti alimfunga bibi mpira juu ya kiwiko, akautafuta mshipa kwa ncha ya kidole, taratibu, asiharakishwe na foleni. Mishipa ya wazee huteleza. Wengi tumeona mzee akidungwa mara tatu nne kabla damu haijapatikana. Huyu alidunga mara moja, na damu ikaja. Bibi, aliyekuwa amefumba macho, aliyafumbua na kuuliza kama bado. Alipoambiwa imekwisha, alitugeukia tuliokaa akasema, "Mkono mwepesi huu."

Kisha akaichukua fimbo yake, akasimama, na kabla ya kwenda akaugusa ule mkono wa muuguzi, pale pale juu ya ndege.

"Likichuja hilo piko lako, mjukuu wangu," alisema, "uje unioneshe."